Baiskeli ya matairi matatu ya mama: dau likishinda, hesabu ndiyo inaanza

Mara nyingi jambo huanzia kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kaka aliyeko Uingereza anatuma picha ya baiskeli ya matairi matatu, rangi nyekundu, kikapu kikubwa nyuma, kiti kipana cha kumtosha mtu mzima. Chini ameandika: ipo mnadani mtandaoni, dau la sasa pauni 42, mnada unafungwa Jumapili usiku, nimchukulie mama? Kabla chai haijapoa, dada wa Mbagala, dada wa Bunju na mdogo wao aliyeko Morogoro wameshajibu kwa alama za mikono ya kushukuru. Hakuna aliyeuliza itafikaje Charambe.

Mama wa mfano huu ana miaka 61. Kiharusi kilimpitia mwaka juzi, kikaacha mkono na mguu wa kushoto vikiwa dhaifu. Anatembea kwa fimbo, anapika, anafokea wajukuu kama kawaida. Shida yake iko nje ya geti. Kutoka nyumbani hadi wanapokutania wanakikoba wenzake ni kama mita mia saba, na sehemu ya njia ni mchanga. Bodaboda hawezi, kwa sababu mguu haunyanyuki kuvuka siti. Bajaji ni gharama ya kwenda na kurudi, na dereva akiona mchanga anaishia barabara kubwa. Kwa hiyo kila Alhamisi mjukuu hutumwa na hela ya hisa. Hisa zinafika, mama hafiki. Na kwenye vikoba vingi mtu asiyeonekana kikaoni ndiye wa mwisho kukumbukwa kwenye mkopo, hata kama daftari lake halina deni.

Baiskeli inayotafutwa, basi, ni ya kumrudisha mama kwenye kikao chake. Jambo hilo likisahaulika, familia hujikuta inanunua picha nzuri.

Kwa nini ni rahisi mnadani

Kwa mkazi wa Gongo la Mboto, mnada ni ng'ombe wa Pugu na dalali mwenye sauti. Mnada wa mtandaoni hauna kelele. eBay, ulioanzishwa Marekani mwaka 1995, hufanya kazi hivi: mnunuzi anaandika kiwango cha juu kabisa anachokubali kulipa, kiwango hicho kinafichwa, na mtandao unampandishia dau polepole pale tu anapotokea mshindani. Akiandika 90 na mwenzake akakomea 60, atalipa 60 na kidogo juu yake. Saa ikifika, mnada umefungwa, ndiyo maana wazoefu huingiza dau sekunde chache za mwisho. Mnada wa Yahoo wa Japan, ulioanza 1999, una namna yake: muuzaji anaweza kuruhusu muda uongezeke dau jipya linapoingia mwishoni, na mnunuzi aliye nje ya Japan huhitaji wakala wa kumnunulia.

Baiskeli za matairi matatu huuzwa rahisi huko kwa sababu ambayo inapaswa kumshtua mnunuzi wa Mbagala. Ni kubwa. Haiingii kwenye gari dogo, haitoshi kwenye boksi la posta, na nyingi huwekwa mnadani kwa sharti kwamba mnunuzi aje kuichukua mwenyewe. Muuzaji huwa ni mtoto wa mzee aliyefariki au aliyehamia nyumba ya wazee, na anachotaka ni gereji ipumue. Washindani ni wachache, wote wa jirani, na dau linabaki chini. Ile bei rahisi imetokana na ugumu wa kuisafirisha, na ugumu huo haubaki Uingereza. Unasafiri pamoja na baiskeli.

Wasafirishaji wa makontena ya kuchangia hutazama zaidi nafasi kuliko kilo. Baiskeli yenye urefu wa mita 1.7, upana wa sentimita 75 na kimo cha mita moja inachukua karibu mita za ujazo 1.3 ikisafirishwa ilivyosimama. Ikitolewa gurudumu la mbele, usukani, kikapu na kiti, nafasi hiyo hupungua sana. Kaka mwenye spana mbili na Jumamosi moja anaokoa hela nyingi kuliko kaka bingwa wa sekunde za mwisho.

Bandarini kuna hesabu nyingine. Ushuru hukokotolewa juu ya bei ya kununulia pamoja na nauli na bima, halafu inafuata VAT ya asilimia 18. Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye jedwali lake la tano, inatoa msamaha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu. Kiti mwendo hakina mjadala. Baiskeli ya matairi matatu inao, kwa kuwa afisa anaweza kuiona ni baiskeli ya kawaida yenye tairi la ziada. Barua ya daktari iandaliwe, maombi yapelekwe kabla mzigo haujafika, na wakala wa forodha atoe makadirio kwa maandishi kabla dau halijawekwa. Mzigo usiofanyiwa taratibu za forodha ndani ya siku 21 unaweza kupelekwa ghala la forodha, na ukizidi kukaa huko unaweza kuishia mnadani tena, safari hii mnada wa TRA.

Dau lihesabiwe kwa kurudi nyuma

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Zinaanza na pauni 42, kisha zinaongeza gharama moja baada ya nyingine huku zikijipa moyo. Njia salama ni kuanzia mwisho. Dada wa Mbagala aende kwanza Kariakoo, na kwa wauzaji wa baiskeli za mtumba wa Temeke na Buguruni, aulize baiskeli kama hiyo, iliyokwisha kufika na inayoendeshwa, ni shilingi ngapi. Bei hiyo iandikwe juu ya karatasi. Chini yake zitolewe gharama zote: usafiri kutoka kwa muuzaji hadi kwenye kontena, nafasi ndani ya kontena, wakala, ushuru na VAT, kirikuu kutoka bandarini hadi Charambe, na matengenezo ya kwanza. Matengenezo yasisahaulike. Baiskeli iliyolala gereji miaka minne itataka tyubu, mnyororo, nyaya za breki na pengine gololi.

Kinachobaki ndicho kiwango cha juu cha dau. Kikibaki sawa na pauni 25, kaka aandike 25 na akalale. Kikiwa chini ya sifuri, kaka asinunue kitu, atume hela.

Kumwambia hivyo kunahitaji busara kidogo. Mtoto aliye ughaibuni anayetafuta zawadi ya mama yake kwa usiku tatu hapendi kukatazwa mbele ya kundi zima. Apigiwe simu pembeni, na apigiwe na dada mkubwa. "Kaka, shikamoo. Mama amefurahi sana kusikia. Tumepiga hesabu ya kontena, tukaona hiyo hela ikija hapa itafanya kazi kubwa zaidi" hupokelewa vizuri kuliko jedwali la gharama lililotumwa saa sita usiku.

Mlango, njia na mwendeshaji

Iwe ya Uingereza, Japan au Tandika, kuna vipimo vya kuchukua kwanza, na futi ya fundi cherehani inatosha.

Cha kwanza ni upana wa nyuma. Za Marekani, kama Schwinn Meridian ya matairi ya inchi 26, zina upana wa karibu sentimita 75 nyuma. Kwenye mlango wa nyumba ya kupanga hiyo inapita kwa kubanwa, au haipiti kabisa. Na baiskeli inayolala nje ya uzio, kwa Dar hii, asubuhi ina mwenyewe mwingine. Za Kijapani ni nyembamba. Sheria ya barabarani ya Japan inaitambua baiskeli ya kawaida ikiwa haizidi upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 190, na viwanda kama Bridgestone na Panasonic vimejibana humo. Hizo zinapita mlangoni na kwenye vichochoro.

Wembamba nao una gharama. Baiskeli nyembamba ikikata kona kwa kasi inanyanyua tairi la ndani. Kwa sababu hiyo nyingi za Kijapani zina kiungo kinachoiacha sehemu ya mbele ilale upande kama baiskeli ya kawaida, huku matairi mawili ya nyuma yakibaki yamesimama, pamoja na komeo la kuzuia kiungo hicho kisicheze. Mtu aliyezoea baiskeli tangu ujana hufurahia ikilala. Mama mwenye udhaifu wa upande mmoja anahitaji komeo, na komeo lifanye kazi. Muuzaji aombwe video fupi inayoonyesha likifungwa na kufunguliwa. Akisema "liko poa tu, mama" bila video, atafutwe mwingine.

Gari la mnada wa Japan huja na karatasi ya ukaguzi yenye daraja, na Watanzania wengi wameshazoea kuisoma. Baiskeli haina karatasi kama hiyo. Picha ndiyo karatasi yake, kwa hiyo ziombwe picha za ekseli ya nyuma kutoka chini, rimu zote tatu, mnyororo, na sehemu fremu ilipounganishwa kwa kuchomelewa. Ekseli iliyopinda huonekana baiskeli ikipigwa picha kwa nyuma: tairi moja linaegemea ndani.

Umeme ni mtego wa peke yake. Baiskeli za Kijapani zinazosaidiwa na mota huonekana mnadani kwa bei ya kushangaza, na kisa mara nyingi ni betri iliyochoka. Betri mpya inaweza kuzidi bei ya baiskeli yenyewe. Chaja yake imetengenezwa kwa umeme wa volti 100 wa Japan, wakati wa hapa ni 230. Chaja isiyoandikwa kwamba inapokea 230 ikichomekwa Charambe, inaungua siku hiyo hiyo.

Kuhusu matairi, inchi 26 na 28 si tatizo, fundi yeyote wa Phoenix anazo. Saizi ndogo za nyuma zinatofautiana, hivyo namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi apelekewe fundi wa mtaani kabla ya kulipa. Fundi huyo ndiye atakayeitengeneza miaka yote, na maoni yake yana uzito kuliko ya mtoto aliyeko Uingereza.

Kisha njia. Baiskeli ya matairi mawili hupasua mstari mmoja mchangani. Ya matatu hupasua mitatu, na miguu ndiyo inayolipa. Tena nyingi za bei nafuu husukumwa na tairi moja tu la nyuma, jingine linafuata. Lile linalosukuma likizama, mama anazungusha pedeli bila kusogea. Wanaoishi Chamazi na Mbande wanajua mchanga unaozungumzwa. Wa Goba wana tatizo jingine, mlima: kupanda bila gia hakuwezekani kwa mguu mmoja wenye nguvu, na kushuka bila breki nzuri kusijaribiwe hata na kijana. Mtu mmoja wa familia aitembee njia nzima akihesabu. Kama zaidi ya robo yake ni mchanga wa kuzama, hela ya baiskeli ingefaa zaidi kumlipa kwa mwezi dereva mmoja wa bajaji mwaminifu, anayejua Alhamisi ni siku ya kikoba.

Mwisho ni mama mwenyewe, ambaye kwenye lile kundi la WhatsApp hajaulizwa. Mtaalamu wa mazoezi tiba aliyemhudumia, awe wa CCBRT Msasani, MOI pale Muhimbili au hospitali ya wilaya, anapaswa kusikilizwa kabla ya muuzaji. Swali kubwa la kumuuliza linahusu macho na umakini kuliko mguu. Baadhi ya waliopata kiharusi hawaoni upande mmoja, au ubongo wao hausajili vilivyoko upande huo, na wenyewe hawajui. Mtu wa namna hiyo hatakiwi barabarani hata kwa matairi manne. Akiruhusiwa, fundi afanye mambo matatu: breki zote zivutwe kwa mkono wa kulia, iwepo breki ya kuegeshea ili baiskeli isikimbie anapopanda, na pedeli ya kushoto iwe na mkanda mpana wa kuushika mguu bila kuufunga. Fremu iwe ya kuinama katikati, mtu aingie bila kunyanyua mguu juu.

Iliyoko Dar tayari

Kwa familia nyingi karatasi ile ya hesabu itarudisha jibu moja: inunuliwe iliyokwisha kufika. Makontena ya baiskeli za mtumba kutoka Japan na Ulaya yanakuja, na za matairi matatu hutokea mara mojamoja. Huwekwa Instagram, Facebook au kwenye makundi ya WhatsApp, siku hizi hata kwa mtindo wa mnada: mwenye dau kubwa hadi saa nne usiku anachukua. Huko hakuna dau la siri. Kila mtu anaona, na dalali anaweza kuwa na wapambe wake wanaopandisha bei kwa kuandika tu. Dawa ni ile ile karatasi. Kiwango cha juu kimeandikwa, kikipitwa simu inawekwa chini.

Wapo pia mafundi wa guta wanaoweza kuchomelea ekseli ya nyuma kwenye fremu ya kawaida. Kazi yao ni imara, ila guta limefikiriwa kwa ajili ya magunia na maji. Kwa kijana anayetaka kuuza mboga ni sawa kabisa. Kwa mama wa kiharusi uzito wake ni mateso. Na kama chombo ni cha biashara, watu wenye ulemavu wana asilimia 2 ndani ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa mikopo isiyo na riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata ndiyo pa kuanzia.

Kuhusu malipo, hakuna Mtanzania asiyejua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Utapeli wa baiskeli ni ndugu yake. Bei ni nusu ya kawaida, muuzaji yuko mkoani, ana haraka, kuna "mteja mwingine njiani", na anataka hela ya kushikilia mzigo. Hela isitumwe kabla ya kuiona baiskeli na kuipanda. Siku ya kulipa, jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya namba ya siri lilingane na la mtu aliyesimama mbele ya mnunuzi. Likiwa jina jingine, maelezo ya "hiyo ni laini ya shemeji" hayatoshi. Namba ya tapeli hutumwa TCRA kupitia 15040.

Namba ya fremu, iliyogongwa chini karibu na pedeli, iandikwe kwenye hati ya mauziano mbele ya mjumbe au serikali ya mtaa, na sahihi za pande zote mbili. Fremu iliyokwanguliwa namba iachwe hapo hapo, hata kama mama ameshaipenda rangi.

Wiki mbili za mwanzo mama asipelekwe barabarani. Uwanja wa shule Jumamosi asubuhi unafaa, mtoto mmoja akitembea upande wake dhaifu, asishike usukani. Waliowahi kuendesha baiskeli ndio huhangaika zaidi, kwa sababu mwili unataka kuilaza kwenye kona na baiskeli iliyofungwa komeo inakataa, ikaelekea mtaroni. Kona ikatwe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Barabara iliyoinama pembeni huivuta baiskeli upande huo, kwa hiyo azoee kurudisha usukani kidogo kidogo. Aanze na duka la jirani, kisha nusu ya njia ya kikoba, kisha njia nzima, na simu iwe na chaji.

Pochi ya hisa ikae kifuani. Kikapu cha nyuma ni cha mboga na fimbo, kwa kuwa mwendeshaji hawezi kuona anayekichokonoa. Kufuli lipite kwenye fremu na tairi la nyuma kwa pamoja, na funguo wa akiba akae nao dada, mbali na wajukuu, ambao watataka kuijaribu baiskeli hiyo siku ya kwanza, wote kwa mpigo.